Viatu vya Kushoto

Asubuhi ya kwanza nilidhani ni usahaulifu wangu.
Ya pili nikamsingizia paka wa jirani.
Ya tatu nilisimama mlangoni, Kushiro, saa kumi na moja alfajiri,
theluji imefika magotini,
mguu mmoja ndani ya buti, wa pili ndani ya soksi,
na basi la kiwanda linapiga honi huko chini.

Kiatu cha kushoto hakuna.
Cha mama mkwe hakuna.
Hata ndara za chooni, imebaki moja,
imekaa kama mjane.

Kanta, miaka minne na miezi miwili,
anakula wali punje moja moja
kama karani anayehesabu noti za watu.
"Umeviweka wapi?"
Punje.
"Kanta, nakuuliza."
Punje.
Kisha akainua bakuli la supu, akanitazama machoni,
akalimimina. Polepole. Mpaka tone la mwisho.

Sitajisafisha hapa. Nilipiga kelele
hadi mbwa wa ghorofa ya chini akanyamaza.
Nilisema maneno niliyoapa, siku anazaliwa,
kwamba yatazikwa na baba yangu.

Bibi Kiyono alikuwa anafuta supu.
Akasema bila kuinua kichwa:
"Samaki mkunje angali mbichi."

Mimi samaki nawajua.
Mwaka wa sita huu nasimama penye mkanda, glavu juu ya glavu,
nawalaza kwenye trei kabla hawajaingia barafuni.
Aliyeingia amekunjwa hutoka amekunjwa.
Ukitaka kumnyoosha hapo
hanyooki, anakatika,
na msimamizi anaandika jina lako, si la samaki.

Lakini hayo niliyawaza baadaye, ndani ya basi la pili.
Wakati ule nilimkamata mkono
nikamburuta hadi kabati la magodoro.

Baba yangu alikuwa na kabati kama hilo.
Najua harufu yake: pamba, vumbi, dawa ya nondo.
Najua ule mstari wa mwanga chini ya mlango,
na jinsi unavyousemesha ili usikuache.
Najua. Na bado mkono wangu ulivuta mlango.

Vilikuwa humo.
Vya kushoto vyote, kumi na kimoja,
hata ndara ya kiangazi ya baba yake,
vimelazwa juu ya godoro,
vimefunikwa taulo hadi shingoni.

Kanta akanong'ona kwa hasira
kama mtu aliyeamshiwa mgonjwa:
"Funga! Vimelala.
Vikilala havitoki."

Novemba, mlangoni hapo hapo,
Shigeru alifunga kamba za viatu vyake vya kahawia,
kwanza cha kulia, halafu cha kushoto.
Kampuni imemhamishia Nagoya.
Akasema, "Baba anarudi sasa hivi."
Sisi wakubwa tulijua sasa hivi maana yake Machi.
Hakuna aliyemfasiria mtoto.

Basi likaondoka. Nikakaa sakafuni, soksi imelowa supu.
Nikamwambia: supu umeimwaga wewe, utafuta wewe.
Akafuta, vibaya, akiisukuma chini ya friji.
Nikamwambia: mama hutoka na viatu viwili
na hurudi gizani na viatu viwili.
Baba atarudi Machi. Machi ni mbali.
"Mbali kama nini?"
Nilikosa jibu.

Ni Bibi Kiyono aliyejibu, kitambaa mkononi:
"Mpaka theluji ya kwenye ngazi iwe matope."

Kanta akafikiri.
Akafunua taulo, akanipa buti langu.
Hilo moja tu. Vingine akavifunika tena.

Leo amemwaga sosi ya soya ndani ya mkoba wangu wa kazi.
Nimeuma ulimi, nimempa kitambaa.
Mabuti yapo yote mawili:
nimeyahesabu mimi, ameyahesabu yeye.
Kisha amekwenda, bila viatu, kuchungulia ngazi.